Baina ya Msiba na Makaratasi: Mwongozo kwa Mtumishi Anayewahudumia Wafiwa

Mjomba wangu alizikwa alasiri ya siku ileile aliyofariki, kama ilivyo desturi ya Waislamu wa pwani. Mtendaji wa kijiji alifika nyumbani mapema, akasikia vilio vya wanawake kutoka ndani, akawaambia wazee waliokaa barazani kwamba hapakuwa na haja ya kuwasumbua wafiwa kwa fomu siku ile. Alikuwa mtu mwema na alisema kwa nia njema. Hakuandika chochote, hakurudi tena, na baada ya miezi michache akahamishwa. Mke wa mjomba alipokwenda kufuatilia akiba ya mumewe aliambiwa alete cheti cha kifo; alipokwenda kuomba cheti aliambiwa alete tangazo la kifo, yaani fomu ya taarifa ya kifo; na tangazo hakuna aliyewahi kuliandika. Alizunguka karibu miaka miwili, na katika kila ofisi alitakiwa kusimulia upya, mbele ya watu asiowajua, jinsi mumewe alivyokata roho.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watendaji wa vijiji, mitaa na kata, wauguzi, askari, wahudumu wa mochwari, makarani wa benki na maafisa utumishi, yaani watu ambao mfiwa hukutana nao katika saa ngumu kuliko zote. Taratibu ninazozitaja ni za Tanzania Bara, ambako usajili wa vifo unasimamiwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii na sheria yake, ingawa mengi ya hapa chini yatafaa huko pia.

Hatua ya kwanza: Tenganisha ya leo na ya baadaye

Mfiwa hutishwa na makaratasi kwa sababu huletewa yote kwa mkupuo. Kwa kweli ya siku ya msiba ni machache sana: kifo kithibitishwe, tangazo la kifo liandikwe, kibali cha mazishi kitolewe, na kama kifo kina utata, polisi wapewe taarifa. Hayo hayasubiri. Cheti cha kifo kina muda wake, kwani sheria inatoa siku 30 za kusajili kifo kabla hakijahesabiwa kuwa kimechelewa. Mirathi, mafao, akaunti ya benki, kadi ya gari na hati ya kiwanja vyote vinaweza kukaa mpaka matanga yaanuliwe.

Waeleze wafiwa mgawanyo huo waziwazi, kisha uwaandikie kwenye karatasi moja, kwa sababu mtu aliyefiwa husikia maneno na kuyasahau kabla hajafika mlangoni. Andika kitu cha leo, mahali pa kukipata na mtu wa kumwona. Chini yake andika cha ndani ya siku 30. Nimeona karatasi ya namna hiyo ikitunzwa na familia ndani ya msahafu kwa miezi kadhaa.

Hatua ya pili: Toa habari ya kifo kwa namna inayoeleweka

Kwetu kuna desturi ya kumwita ndugu kwa kumwambia kwamba mgonjwa amezidiwa, hata kama amekwisha kufariki. Watu wa ofisini wakati mwingine huiona desturi hii kuwa ni uongo. Mimi naona ina busara yake, kwa maana anayepigiwa simu huenda yuko peke yake barabarani, amepanda bodaboda, au ana mtoto mgongoni. Kwa hiyo kwenye simu inatosha kumwomba aje, na tena asije peke yake. Ikiwezekana mtafute kwanza mtu mzima wa familia, kaka au mjomba, ili yeye ndiye aende kwa mjane. Kamwe usitume habari ya kifo kwa ujumbe mfupi wa simu.

Desturi hiyo inaishia mlangoni pa hospitali. Ndugu akifika, mtafutie kiti, kaa naye, mwamkie ipasavyo, na shikamoo usiisahau kwa mkubwa wako, kisha useme kwa maneno ambayo hayana maana mbili: “Mama, poleni sana, mzee amefariki dunia saa kumi alfajiri.” Ukisema kwamba hali si nzuri, au kwamba mmejitahidi mkashindwa, utamwacha akiuliza kama anaweza kwenda kumwona mgonjwa. Baada ya kusema, nyamaza. Asilie mtu huku unamsomea orodha ya nyaraka. Dakika kumi za kukaa kimya naye hazijawahi kuharibu utaratibu wowote wa hospitali.

Lugha ya baadaye nayo ina uzito. Mbele ya familia sema marehemu, au mtaje kwa jina na heshima yake, mzee fulani, mama fulani. Mhudumu anayetokea dirishani na kuuliza kwa sauti mwenye maiti ya jana usiku ni nani, amewaumiza watu bila sababu, na pengine hajui.

Hatua ya tatu: Jua unazungumza na nani

Familia nyingi humteua msemaji wa msiba, na hilo ni msaada mkubwa kwako, kwa sababu maswali yote yanakwenda kwa mtu mmoja na mjane anabaki na wenzake ndani. Andika jina lake, namba yake na uhusiano wake na marehemu. Hata hivyo usimfanye msemaji kuwa mbadala wa mke au mume. Shemeji anayejibu kila swali kwa haraka anaweza kuwa mchapakazi, na anaweza pia kuwa mtu aliyekwisha kuanza kuhesabu mali. Omba kwa adabu uonane na mjane japo kwa dakika mbili, ukiwa na mwanamke mwenzake karibu, umpe pole na umsomee yaliyoandikwa kumhusu. Hapo ndipo utakapogundua kama kuna mke wa pili, au watoto ambao msemaji hakuwataja.

Hatua ya nne: Jaza tangazo la kifo kana kwamba hakimu atalisoma

Hakimu atalisoma kweli, na karani wa benki, na afisa wa mafao. Hapa ndipo huruma ya mtumishi inapokuwa na thamani kubwa kuliko mahali pengine popote, nayo haionekani kabisa kwa mfiwa siku ile.

Tatizo kubwa ni majina. Mtu amezaliwa akapewa jina moja, shuleni akaandikishwa kwa jingine, kazini akaongeza la babu, na mtaani kila mtu anamwita Baba Zuhura. Ukiandika jina ulilotajiwa na jirani, cheti kitatoka na jina ambalo halimo kwenye kitambulisho wala kwenye akaunti, na familia italazimika kuapa kiapo cha majina kwa wakili au hakimu, kwa gharama na kwa miezi ya kusubiri. Kwa hiyo omba kitambulisho cha Taifa cha marehemu, na kama hakipo, kadi ya bima, kadi ya mpiga kura au kitambulisho cha kazi. Nakili herufi kwa herufi. Kisha msomee mtoa taarifa kwa sauti, pole pole, na umwombe aangalie mwenyewe. Tarehe ya kifo nayo ihakikishwe, maana kifo cha saa sita na robo usiku watu wengine hukihesabu kuwa cha jana na wengine cha leo.

Sababu ya kifo ni jambo jingine linaloleta mvutano. Familia itakuja kukuomba kwa siri iandikwe malaria, au presha, kwa kuogopa maneno ya watu. Elewa wanachokiogopa, wala usiwakaripie. Wajibu kwamba sababu ya kifo huandikwa na daktari kwa mujibu wa alichokiona, na wewe huna mamlaka ya kuibadilisha, ila una wajibu wa kuitunza. Wajibu huo una nguvu ya sheria: Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, kwa mfano, inalinda usiri wa taarifa za anayeishi na virusi hivyo. Mkabidhi fomu mtu anayehusika, ikiwa imekunjwa, bila kuitaja sababu mbele ya foleni. Mara nyingi kilichokuwa kinaombwa hasa ni hicho.

Hatua ya tano: Kifo cha nyumbani

Aliyefariki hospitalini ana bahati moja, kwamba fomu zinaanzia palepale. Wa nyumbani anategemea mtendaji. Familia itamweleza mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, naye akufikishie, na wewe ndiye utakayeandika tangazo la kifo na kuwapa kibali cha mazishi.

Mazishi ya Kiislamu hayangoji Jumatatu. Kama kaburi linachimbwa saa nne asubuhi ya Jumapili na janaza itasaliwa adhuhuri, fomu zako zinatakiwa ziwe kwenye mkoba wako, si kabatini ofisini. Mtendaji anayejua kazi yake huacha namba yake kwa wajumbe, kwa imamu na kwa katekista, hufika msibani, hukaa mkekani na waliokaa, hutoa rambirambi kama jirani yeyote, kisha humwomba msemaji wakae pembeni robo saa. Maswali ni machache. Yakiulizwa kwa sauti ya chini, na mtu aliyekwisha kuonekana akisaidia kubeba maji au kusogeza viti, hakuna mfiwa atakayekasirika. Mtendaji wa kijiji cha mjomba alidhani njia zilizokuwa mbele yake ni mbili tu, kuwasumbua au kuwaacha.

Hatua ya sita: Kifo kinachohitaji polisi

Ajali, kujinyonga, kuzama, kupigwa, kifo cha mahabusu, kifo cha ghafla cha mtu aliyekuwa mzima: hivi vinaingia katika Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, na mwili hauzikwi kabla ya mamlaka kuridhika. Familia nyingi husikia maneno “uchunguzi wa maiti” na kukataa papo hapo, ama kwa sababu ya dini ama kwa kuona kwamba marehemu anadhalilishwa.

Usianze kwa kuwatajia kifungu cha sheria. Anza kwa kuwaeleza kitakachofanyika, nani atakifanya, kwa nini, na kwa makadirio kitachukua muda gani, kisha waahidi kile tu unachoweza kukitimiza. Waulize kama wangependa ndugu fulani awepo wakati wa kuutambua mwili, na usimchague mama wa marehemu kwa kazi hiyo kama yupo mwanamume au mwanamke mwingine aliye imara. Waeleze pia faida ambayo kwa wakati huo hawaioni: kwamba fidia ya aliyekufa barabarani, na fidia ya aliyekufa kazini inayotolewa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, zote zinasimama juu ya taarifa ya polisi na ya daktari, na kwamba mtoto wa marehemu ataihitaji karatasi hiyo. Baada ya hapo fanya haraka kadiri uwezavyo. Mpigie daktari mwenyewe. Askari anayeacha mwili ukae siku tatu kwa sababu tu hakuna aliyefuatilia jalada, amewapa watu sababu ya kuficha kifo kingine kesho.

Ikiwa bado wanakataa, mlete imamu, padri au mchungaji wanayemwamini. Msimamo wako haubadiliki, ila wanastahili kuusikia kutoka kwa mtu wao.

Hatua ya saba: Deni la matibabu na mochwari

Wizara ya Afya imekwisha kuelekeza mara kadhaa kwamba mwili usizuiliwe kwa sababu ya deni, na mtumishi wa hospitali ya umma anapaswa kulijua hilo kabla familia haijaanza kuchangishana kwa hofu. Deni lenyewe halifutiki kwa maelekezo hayo. Mpeleke msemaji kwa afisa ustawi wa jamii, akague uwezo wa familia, na makubaliano ya kulipa yaandikwe kwa tarehe zinazowezekana. Mjane asitiwe kalamu mkononi akiwa amesimama mbele ya mlango wa mochwari. Asaini mtu aliyetulia, baada ya kusomewa. Kama mwili unasafirishwa mkoa mwingine, wakumbushe kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa afya kabla hawajakodi gari.

Hatua ya nane: Maradhi ya kuambukiza

Hakuna mahali ambapo taratibu na huruma zimegongana kwa ukali kama katika milipuko ya homa za kuvuja damu, na hakuna mahali palipotufundisha zaidi. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, familia zilizoona jamaa zao wakifungwa kwenye mifuko na kuchukuliwa na watu waliovaa mavazi ya kutisha, bila sala wala kuaga, zilianza kuwaficha wagonjwa na kuzika usiku, na maradhi yakazidi kuenea. Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 likatoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, uliotungwa kwa kushauriana na viongozi wa dini. Mwongozo huo unataka timu ifike kabla ya kuvaa mavazi ya kinga ili watu waone nyuso zao, iongee kwanza na familia, na iwaache wachague jinsi watakavyoshiriki. Kwa Waislamu unaruhusu tayamamu, yaani kutwaharisha kwa udongo bila maji, pale ambapo kuosha kwa maji ni hatari. Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 ulioua watu zaidi ya 2,200, timu za mazishi zilishambuliwa zaidi ya mara moja, na mahali zilipowatumia vijana wa palepale, wanaosema Kiswahili cha palepale, zilipokewa vizuri zaidi.

Kagera ilipata Marburg, maradhi ya jamii moja na Ebola, Machi 2023, kwa hiyo jambo hili si la mbali nasi. Ukipewa kazi hiyo, jambo usilolegeza ni katazo la kugusa mwili. Mengine karibu yote yanazungumzika: sala isomwe kwa umbali, familia ione kaburi, sanda iwekwe, jina liandikwe kwenye kibao, na mzee atupe udongo wa kwanza akiwa amevaa glavu.

Hatua ya tisa: Ndugu wanapogombea mahali pa kuzika

Mke anataka azikwe mjini walikoishi, ukoo unataka arudishwe kijijini. Usichague upande, na usimkabidhi mwili aliyefika kwanza na gari. Wakutanishe siku hiyohiyo mbele ya mzee au kiongozi wa dini anayekubalika na pande zote, na wakishindwa, waelekeze mahakamani mapema. Kenya inakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 akazikwa Mei 1987, baada ya mjane wake na ukoo wa Umira Kager kushindana hadi Mahakama ya Rufani. Katika miezi hiyo yote mwili ulikuwa unasubiri.

Hatua ya kumi: Simu na pesa za marehemu

Waonye mapema, tena kwa upole. Ndugu wengi hutoa pesa kwenye simu ya marehemu au kwa kadi yake ya benki siku ileile ya msiba ili wanunue sanda au jeneza, na hawaoni kosa kwa kuwa wanamhudumia mwenyewe. Kisheria mali hiyo ni ya mirathi tangu alipokata roho, na kuigusa kabla ya msimamizi kuteuliwa huzua kesi na chuki. Washauri gharama zitoke kwenye michango na rambirambi, ziandikwe kwenye daftari moja, na daftari likae na watu wawili.

Hatua ya kumi na moja: Eda, siku 30 na mirathi

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na kama ni mjamzito, mpaka ajifungue. Sheria ya usajili inatoa siku 30. Ofisi nyingi hazijawahi kuziweka hesabu hizi mbili pamoja, na matokeo yake mjane huambiwa aje mwenyewe, hawezi kuja, muda unapita, kisha anaitwa mzembe. Usajili wa kifo haumhitaji yeye. Ndugu mwingine anaweza kupeleka tangazo la kifo katika ofisi ya usajili ya wilaya na kuomba cheti, na maombi yanaweza pia kufanywa kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa eRITA. Mwambie msemaji hivyo siku ya mazishi. Ikiwa ipo sahihi ambayo ni lazima iwe ya mjane, mpelekee karatasi nyumbani, ukiongozana na mtumishi mwanamke. Wapo masheikh wanaoruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa dharura, lakini fatwa hiyo aisikie kwa sheikh wake. Mtumishi akimfundisha dini ili kujirahisishia kazi amevuka mpaka.

Kikao cha ukoo cha kupendekeza msimamizi wa mirathi kisifanyike siku ya kuzika, wakati watu wamechoka na wengine wana haraka ya kupanda basi. Kifanyike mjane akiwepo, au akiwa nyuma ya pazia kama ndivyo anavyotaka, na jina lake liandikwe kwenye muhtasari pamoja na watoto wote. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya mila, na nyingine hupelekwa mahakama za juu. Waeleze wazi kwamba msimamizi hapewi mali kuwa yake: anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi, na kwa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Kutolielewa jambo hilo moja kumewatoa wajane wengi katika nyumba zao.

Weka kwenye shajara yako tarehe ambayo eda itakwisha. Ikifika, mpigie mjane mwenyewe, si shemeji yake, umpe pole tena, umuulize kama cheti kimefika mkononi mwake, na umwombe akusomee jina lililoandikwa.